Uzamili wa uhandisi: kozi au tasnifu, nyumbani au ng'ambo

Mhandisi aliyekaa kazini miaka mitatu hadi saba baada ya shahada ya kwanza hufika mahali ambapo kila tangazo la nafasi ya juu linataja shahada ya uzamili kama sifa ya ziada, na kila anayemwomba ushauri humwambia "nenda kasome" bila kumwambia asome nini wala kwa njia ipi. Fomu ya maombi ndiyo humuuliza swali hilo kwa mara ya kwanza: kozi na tasnifu, au tasnifu peke yake? Wengi huchagua ya kwanza kwa kuwa wamesikia ni rahisi, na wachache huchagua ya pili kwa kuwa wamesikia ina heshima zaidi. Sababu zote mbili ni dhaifu. Mimi nilisoma kwa njia ya kozi nikiwa mhandisi wa maji, na nimefanya kazi kwa miaka kadhaa bega kwa bega na wenzangu waliosoma kwa tasnifu. Ulinganisho huu unamhusu mhandisi ambaye tayari yuko kazini. Kijana anayemaliza shahada ya kwanza Julai na kutaka kuanza uzamili Oktoba, ushauri wangu kwake ni mfupi: afanye kazi kwanza, kwa sababu zitakazoonekana huko mbele.

Jina moja, mizigo tofauti

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba neno "kozi" halina maana moja kila mahali. Katika vyuo vikuu vya Tanzania, uzamili kwa njia ya kozi haumwondolei mwanafunzi utafiti. Anasoma masomo ya darasani kwa mihula miwili au zaidi, anafanya mitihani, kisha anaandika tasnifu na kuitetea. Huo ndio utaratibu uliozoeleka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako uhandisi umefundishwa tangu mwaka 1973, na pia katika taasisi changa kama Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, ambayo hupokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu tu. Anayesoma kwa tasnifu pekee huanza na pendekezo la utafiti mkononi, hana ratiba ya darasa inayombana, na hupimwa kwa kitu kimoja, yaani kitabu chake.

Marekani mambo ni mengine. Huko shahada nyingi za uzamili wa uhandisi huhitaji krediti 30 hivi, yaani vipimo vya uzito wa masomo, na mwanafunzi anaweza kuzikamilisha zote kwa masomo ya darasani bila kuandika tasnifu hata ukurasa mmoja. Australia imeliweka jambo hili wazi katika mfumo wake wa kitaifa wa sifa za elimu: kuna uzamili wa kozi na kuna uzamili wa utafiti, vyote viwili katika ngazi ya 9, kwa hiyo kisheria hakuna kilicho juu ya mwenzake. Nalitaja hili kwa sababu dhana kwamba uzamili wa kozi ni "nusu uzamili" imeenea sana kwetu, na imewafanya watu wenye akili timamu kujitosa katika miaka mitatu ya utafiti ambao hawakuuhitaji.

Tofauti ya kweli iko kwenye saa za kazi. Uzamili wa Uingereza una krediti 180, kila krediti ikihesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, kwa hiyo ni saa 1,800 zilizobanwa ndani ya miezi 12. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania nayo hutumia krediti 180 kama kiwango cha chini cha uzamili, ila kwetu saa hizo kwa kawaida husambazwa katika miezi 18 hadi 24. Ujerumani uzamili wa kawaida wa uhandisi ni wa mihula minne na una krediti 120 za mfumo wa Ulaya, ambazo Wajerumani huhesabu kila moja kuwa saa 30. Hizo ni saa 3,600, mara mbili ya zile za Uingereza. Wahitimu wawili wanaorudi nyumbani na vyeti vyenye jina lilelile, mmoja kutoka Manchester na mwingine kutoka Aachen, hawakubeba mzigo mmoja. Mwajiri wa hapa hatajua tofauti hiyo, lakini mhandisi mwenyewe ataijua siku atakapopewa kazi ngumu.

Kozi inampa nini mtu aliyekwisha kuwa kazini

Badala ya kueleza kwa ujumla, nitaeleza somo moja. Kabla ya kurudi chuoni nilikuwa nasimamia bomba la chuma la kipenyo cha milimita 400 lililosukuma maji kutoka kituo cha pampu hadi tangi lililo juu ya kilima, kimo cha mita 90 hivi. Kila umeme ulipokatika ghafla, tulikaa tukisubiri simu, na mara nyingi simu ilikuja: bomba limefumuka kwenye kiungo, maji yanamwagika shambani kwa mtu. Tuliziba, tukabadilisha gasketi, tukamwaga zege zaidi kwenye kona, tukamlaumu fundi wa lehemu. Mambo yaliendelea hivyo kwa karibu miaka miwili.

Katika wiki ya tatu ya somo la haidroliki ya juu, mhadhiri aliandika ubaoni mlinganyo mfupi wa Nikolai Joukowsky, mwanasayansi wa Urusi aliyefanya majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow na kuchapisha matokeo yake mwaka 1898. Mlinganyo huo unasema kwamba mkondo ukisimama ghafla, badiliko la shinikizo ni zao la kasi ya wimbi ndani ya bomba na kasi ya maji, likigawanywa kwa mvutano wa ardhi. Nilichukua kalamu nikaweka namba za bomba langu. Kasi ya wimbi la shinikizo katika maji yaliyo ndani ya bomba la chuma ni takriban mita 1,000 kwa sekunde, maji yangu yalikwenda mita 1.5 kwa sekunde, na mvutano ni 9.81, kwa hiyo jibu lilikuwa kama mita 153 za maji. Bomba lililokuwa limezoea mita 90 lilikuwa likipokea pigo la kushuka na kupanda la zaidi ya mita 150 kila umeme ulipokatika, na sisi tulikuwa tukimlaumu mchomeaji. Wiki mbili baadaye tulifundishwa jinsi ya kukokotoa ukubwa wa tangi la hewa linalowekwa karibu na pampu ili kulimeza wimbi hilo, na mahali pa kuweka valvu za hewa ili bomba lisifyonzwe ndani.

Hiki ndicho ambacho njia ya kozi hufanya vizuri kuliko njia nyingine yoyote. Inamchukua mtu mwenye maswali ambayo kazi imemrundikia na kumpitisha haraka mbele ya majibu ambayo wengine walikwisha kuyapata, mengine zaidi ya karne iliyopita. Mhandisi wa majengo atayaona hayo katika somo la mienendo ya majengo wakati wa tetemeko, na mhandisi wa barabara katika somo la udongo unaovimba, ambao kila aliyejenga kwenye udongo mweusi wa mbuga anaujua kwa machozi. Kijana ambaye hajawahi kupigiwa simu saa nane usiku kuhusu bomba lililopasuka ataukariri mlinganyo uleule kwa ajili ya mtihani na kuusahau Februari. Ndiyo maana nilisema afanye kazi kwanza.

Njia ya tasnifu humpa mtu kitu kingine. Mwenzangu mmoja aliyesoma kwa njia hiyo alitumia muda wake wote kwenye suala moja la upotevu wa maji katika mtandao wa mji, akipima shinikizo usiku na kujenga modeli yake mwenyewe. Leo nikikwama kwenye suala hilo, namwendea yeye. Anajua kusoma makala za kitaalamu kwa jicho la kukosoa, anajua kubuni jaribio, na anajua kutambua data inayodanganya. Lakini yeye mwenyewe amenikiri kwamba kuhusu mawimbi ya shinikizo bombani alijifunza kwangu, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha kusoma kitu kilicho nje ya mada yake. Kozi hukulazimisha kujifunza hata yale usiyoyapenda, na kwa mhandisi wa kazini hiyo ni faida kubwa kuliko inavyoonekana kwenye kipeperushi.

Muda, na pale unapopotelea

Kwa mtazamo wa muda, kozi ina ratiba na tasnifu haina. Mitihani ina tarehe. Ukishindwa somo unapata sapu, ukishindwa tena unajua hali yako. Ukali huo unasaidia. Mtu mwenye kazi, mke au mume, watoto na misiba ya ukoo hawezi kujitengea muda kwa hiari kila wiki kwa miaka miwili, lakini anaweza kuhudhuria darasa la saa kumi na moja jioni kwa sababu kuna karatasi ya mahudhurio na kuna jaribio Ijumaa.

Hata hivyo, katika mfumo wetu kozi nayo ina mkia, na mkia huo ni ile tasnifu ya mwisho. Masomo ya darasani niliyamaliza kwa wakati, pamoja na darasa zima. Kisha kila mmoja akaondoka na mada yake, na hapo ndipo darasa likasambaratika. Msimamizi wangu alikwenda likizo ya kitaaluma nikiwa na sura mbili, aliyekaimu nafasi yake akataka nibadilishe mbinu, na rasimu yangu ilikaa mezani kwa mtu kwa miezi minne bila alama ya kalamu. Kazi iliyopangiwa miezi sita ilinichukua miezi kumi na minne. Nilirudi kazini katikati yake, na wapo wenzangu waliorudi kazini wasifungue tena faili hilo. Wana alama zote za masomo, hawana shahada.

Kwa hiyo anayelinganisha asilinganishe miezi iliyoandikwa kwenye tangazo. Alinganishe mahali ambapo muda hupotelea. Kwenye njia ya tasnifu muda wote uko mikononi mwa watu wawili, mwanafunzi na msimamizi, na mmoja wao akilegea kila kitu hulala. Kwenye njia ya kozi ya hapa nyumbani hatari iko nusu ya pili. Kwenye uzamili wa mwaka mmoja wa Uingereza hatari iko mwanzoni, kwa sababu mhula wa kwanza unaanza Septemba na kufikia Januari uko kwenye mitihani. Aliyekaa miaka sita bila kugusa hisabati ya milinganyo tofautishi hana wiki ya kujikumbusha. Dawa ya hatari ya hapa nyumbani ninaijua moja tu: ingia chuoni na mada ya tasnifu iliyotoka kazini kwako, yenye data unayoweza kuipata bila kuomba kibali cha mtu wa tatu, na uifikishe kwa msimamizi katika mhula wa kwanza wakati wengine bado hawajafikiria.

Nani analipa

Hapa njia mbili hizi zinaachana kabisa. Njia ya utafiti, hasa Marekani, mara nyingi hulipiwa na mradi: profesa ana fedha za utafiti, anakuajiri kama msaidizi wake, ada inalipwa na posho inatoka. Njia ya kozi humchukulia mwanafunzi kama mteja. Vyuo vingi vya Marekani, Uingereza na Australia vinategemea ada za wanafunzi wa kigeni wa kozi, na ndiyo maana barua za kukubaliwa hutoka haraka mno. Kukubaliwa katika chuo cha namna hiyo ni mwanzo wa kutafuta fedha, wala kusimfanye mtu aandike barua ya kuacha kazi.

Habari njema ni kwamba ufadhili mkubwa unaowafikia watu wa kwetu umeelekezwa kwenye uzamili wa kozi. Chevening ya Uingereza hulipia uzamili wa kozi wa mwaka mmoja, hudai angalau miaka miwili ya uzoefu wa kazi, na humtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa miaka miwili. Shirika la Kijerumani la DAAD lina mpango wa kozi za uzamili zinazohusu maendeleo, unaojulikana kwa kifupi EPOS, ambamo zimo programu za uhandisi wa maji, nishati na miundombinu. Nao hudai angalau miaka miwili ya kazi, lakini pia hutaka shahada ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Sharti hilo la pili limewaponza wengi. Mhandisi anayesema "nitaomba nikishatulia" akifika mwaka wa saba amejifungia mlango mwenyewe. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya hutoa posho ya euro 1,400 kwa mwezi na kumtembeza mwanafunzi katika vyuo vya nchi mbili au zaidi. Haidai uzoefu wa kazi, lakini ushindani wake ni wa dunia nzima.

Anayejilipia mwenyewe aitazame Ujerumani kwa makini, kwa kuwa vyuo vikuu vingi vya umma huko havitozi ada ya masomo hata kwa wageni. Vipo visivyofuata utaratibu huo. Jimbo la Baden-Württemberg, lenye vyuo vya Stuttgart na Karlsruhe, linatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kutoza ada yake mwaka 2024, kubwa zaidi ya hiyo. Hata pale ambapo ada ni sifuri, ubalozi utataka uthibitisho wa fedha za kujikimu, na njia ya kawaida ni kuweka euro 11,904 za mwaka mmoja katika akaunti maalumu ambayo unaruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Elimu ya bure, kumbe, inahitaji mtu awe na fedha za kununua kiwanja kizuri pembezoni mwa mji kabla hajapanda ndege.

Familia na viza

Sikutegemea kwamba swali la kozi au tasnifu lingekuwa swali la ndoa, lakini kwa Uingereza limekuwa hivyo. Tangu Januari 2024, mwanafunzi wa uzamili wa kozi haruhusiwi kwenda na mwenza au watoto kama tegemezi wake. Ruhusa hiyo imebaki kwa wanaosoma programu za utafiti na baadhi ya waliofadhiliwa na serikali. Kwa mwaka mmoja wengi huvumilia. Baada ya masomo, mhitimu wa Uingereza anaweza kuomba kubaki miaka miwili kutafuta kazi, muda ambao unapungua hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Ujerumani hutoa miezi 18 kwa shughuli hiyohiyo.

Kwa asiyetaka kwenda mbali na nyumbani, chaguo limepanuka kuliko ilivyokuwa miaka kumi na mitano iliyopita. Carnegie Mellon ya Marekani ina tawi Kigali tangu mwaka 2011, linalotoa uzamili wa teknolojia ya habari na wa uhandisi wa umeme na kompyuta, kwa walimu na shahada ya chuo hichohicho cha Pittsburgh. IIT Madras, moja ya taasisi za teknolojia za India, ilifungua kampasi Zanzibar mwaka 2023, ya kwanza ya vyuo vya IIT kuwa nje ya India, na uzamili wake wa kwanza ulikuwa wa sayansi ya data na akili unde. Umoja wa Afrika una taasisi yake ya sayansi na teknolojia ndani ya chuo cha Jomo Kenyatta kule Juja, Kenya, ambayo hufadhili wanafunzi kutoka bara zima, ingawa mkazo wake uko zaidi kwenye utafiti. Udhaifu wa orodha hii ni kwamba inawafaa zaidi watu wa umeme, kompyuta na data. Mhandisi wa majengo, barabara au maji bado ana machaguo machache ya karibu yenye maabara nzito, ingawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina programu ya usimamizi wa rasilimali za maji iliyojengwa na mtandao wa vyuo vya kusini na mashariki mwa Afrika, ambayo wengi wa tuliomo kwenye mamlaka za maji tunaijua.

Kuhusu shahada za masafa kupitia intaneti nitasema machache: kwa programu za kompyuta zinafaa, kwa taaluma inayohitaji kushika udongo, zege na mitambo zinapunguza nusu ya faida, na kabla ya kulipa iulize Tume ya Vyuo Vikuu kama itaitambua shahada hiyo.

Cheti kitakufanyia nini ukirudi

Watu wengi hudhani uzamili utawasogeza kwenye usajili wa kitaaluma. Bodi ya Usajili wa Wahandisi Tanzania humsajili mtu kama Mhandisi Mhitimu kwa shahada yake ya kwanza, na ili awe Mhandisi Mtaalamu humtaka awe na uzoefu wa kazi chini ya usimamizi. Mpango wake wa mafunzo kazini kwa wahitimu, ulioanza mwaka 2003, ni wa miaka mitatu. Uzamili peke yake haukuvushi daraja hilo. Nimewahi kumwona kijana mwenye uzamili wa Ulaya akiandika taarifa zake za kazi za kila robo mwaka pamoja na vijana wa shahada ya kwanza, akiwa na uso wa mtu aliyepewa kiti cha nyuma kwenye gari aliloligharimia. Kwa hiyo, ukiwa umebakiza mwaka mmoja kukamilisha usajili, kamilisha kwanza ndipo uondoke.

Kwa anayefikiria kufanya kazi nje ya nchi kuna mtego wa majina. Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989, yaliyoanza na nchi sita zikiwemo Australia, Uingereza, Marekani na Kanada, na ambayo Afrika Kusini ilijiunga nayo mwaka 1999, huwezesha bodi za uhandisi kutambuana programu zao za msingi, lakini Tanzania haimo. Sasa Australia kuna uzamili wa aina mbili wenye majina yanayokaribiana. Mmoja ni wa kumwingiza mtu katika taaluma, mrefu zaidi, uliopewa ithibati na Engineers Australia, chama cha wahandisi wa huko. Mwingine ni wa kumwongezea utaalamu aliyekwisha kuwa mhandisi, mfupi zaidi, na mara nyingi hauna ithibati hiyo kwa kuwa haukukusudiwa kuwa msingi. Mtanzania akisoma huu wa pili akidhani umemfungulia mlango wa usajili wa huko, atakuta bado anaulizwa kuhusu shahada yake ya kwanza. Kwa anayerudi nyumbani, tofauti hiyo haina uzito, na huo mfupi unaweza kumfaa zaidi.

Kwa wanaolenga uhadhiri au uzamivu, hesabu hubadilika. Matangazo ya nafasi za mhadhiri msaidizi katika vyuo vya umma hapa kwetu yamezoea kudai GPA, yaani wastani wa alama, ya 4.0 katika uzamili na 3.8 katika shahada ya kwanza. Uzamili wa kozi hutoa GPA, na hiyo inaweza kukubeba au kukuangusha: masomo mawili uliyoyafanya vibaya kwa sababu mradi kazini ulikuwa unakabidhiwa yatakufuata maisha yote. Uzamili wa tasnifu kwa kawaida hauna GPA, kwa hiyo hukuepusha na hatari hiyo lakini hukuacha ukitegemea jinsi kila chuo kitakavyoutafsiri. Wasimamizi wa uzamivu wa ng'ambo nao humpenda aliyeandika tasnifu ndefu na makala moja iliyochapishwa. Uzamili wa Marekani usio na tasnifu kabisa ni chaguo baya kwa mtu wa njia hii.

Ningemchagulia nani nini

Mhandisi wa halmashauri, wakala wa barabara au mamlaka ya maji, mwenye miaka minne hadi sita kazini, aliyekwisha sajiliwa na anayekusudia kuendelea na usanifu na usimamizi wa miradi, ningemwelekeza kwenye kozi bila kusita, na ningemshauri aombe ufadhili wa Ujerumani kabla ya mwaka wa sita haujaisha, Uingereza ikiwa chaguo la pili. Saa 3,600 zina nafasi ya maabara na ya kukosea. Asipopata, asome hapa jioni, akiwa na mada yake ya tasnifu mfukoni tangu siku ya kwanza.

Mwenye familia changa asiyeweza kuondoka, na aliye katika umeme au kompyuta, aiangalie Kigali na Zanzibar kabla ya London. Aliyeonja utafiti na akajikuta anasahau kula, aliye na msimamizi anayemjua kwa kazi zake na si kwa cheo chake, na ambaye ana uhakika wa fedha kwa miaka miwili, huyo achukue tasnifu. Ila masharti yote matatu yatimie, kwa sababu mawili kati ya matatu ndiyo hali niliyowaona nayo karibu wote waliokwama. Na anayetaka tu herufi za ziada baada ya jina lake ili apande daraja la mshahara, programu ya usimamizi wa uhandisi kwa jioni itampa anachotafuta kwa gharama ndogo, wala asione haya kusema hivyo.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, omba vitu viwili kwa idara husika. Cha kwanza ni orodha ya masomo pamoja na vitabu vinavyotumika, si kipeperushi. Isome ukiwa na kalamu, na uweke alama kwenye kila somo ambalo lingejibu swali ulilokutana nalo kazini mwaka uliopita. Nilipofanya hivyo kwa programu mbili nilizokuwa nazilinganisha, moja ilipata alama saba na nyingine mbili, na ile ya mbili ndiyo iliyokuwa na jina kubwa. Cha pili ni idadi ya waliosajiliwa miaka mitatu iliyopita katika programu hiyo na idadi ya waliohitimu kati yao. Idara yenye majibu mazuri itakutumia ndani ya siku mbili. Nyingine itakutaka uandike barua rasmi kwa mkuu wa chuo kupitia kwa mkuu wa idara.